Fundi Aonje Kwanza

Kabla umeme haujafika kwetu Bugene, tulishajua namna ya kuushuku. Kwetu, mtu akikukaribisha lubisi, ile pombe ya ndizi, haanzi na wewe. Anakinga kidogo, anakunywa mwenyewe mbele ya macho yenu, anajifuta mdomo, ndipo kibuyu kinazunguka. Asiyeonja, pombe yake hainywewi, na yeye anabaki na sifa ambayo haitoki kwa sabuni. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo, tumelikuta.

Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini, mfanyabiashara mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani alifunga dainamo kwenye mashine yake ya kusaga, akaanza kutuuzia umeme kwa waya zilizoning'inia kwenye nguzo za mikaratusi. Mashine ikisaga, tunapata. Mashine ikilala, tunalala. Na sisi tuliupokea umeme kama tunavyopokea kila kitu kinachoingia mwilini bila kuonekana. Tukasema: fundi aonje kwanza.

Ilianza kwa utani kwenye nyumba ya kwanza, ikawa desturi kwenye ya tatu. Fundi akimaliza kazi, watu wanakusanyika, anavua viatu, anashika kwa mkono mtupu kila kitu cha chuma alichokiunga: pasi, redio, kifuniko cha swichi. Akisimama mzima, watu wanapiga makofi na mwenye nyumba analipa. Mwenye mashine, ambaye kwao pombe hainywewi kabisa, aliipenda desturi hiyo kuliko sisi wenyewe. "Nyumba ambayo fundi hajaonja," alikuwa akisema, "mimi laini yangu siungi." Alisema huku anacheka, lakini kweli haungi; kabla ya hapo alikuwa anagusisha waya kwa muda wa kuonja tu.

Mimi nilikuwa na gesti ya vyumba vitano kando ya barabara ya Kayanga. Vinne vya wageni, cha tano changu. Mume wangu alikuwa Bukoba kikazi, na kazi yenyewe ilikuwa imeshamzalia watoto wawili. Kwa hiyo kila kitu nilinunua mwenyewe, na kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza kujua vipo vingapi, mara ya pili kujua nani aliniona nikihesabu.

Nilitaka umeme kwa sababu ya friji. Wanunuzi wa kahawa walikuwa wakilala kwangu msimu mzima, na mnunuzi wa kahawa akipewa soda ya baridi anasahau kuuliza shuka zilifuliwa lini. Friji niliipata kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anahama. Nilimpigia bei siku mbili. Siku ya pili, kwa uchovu, akakiri: "Mama, ukweli ni kwamba inatekenya kidogo ukiigusa." Nilimshukuru kwa ukweli wake, nikapunguza tena. Mwishowe alinisaidia na kuipakia.

Mafundi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa fundi redio aliyehamia kwenye umeme wa nyumba kwa ujasiri tu, na mdomo wake ulikuwa na waya mrefu kuliko wa mfukoni. Wa pili alikuwa kijana wa makamo aliyejifunza kazi miaka minne kwenye karakana ya misheni. Wazazi wake waliingia kutoka Burundi zamani, yeye mwenyewe alizaliwa Kimuli, lakini watu walimwita mtu wa kuja. Mwenye mashine, aliyefika juzi na lori, hakuna aliyemwita hivyo. Nadhani mashine ya kusaga huzaliwa popote inapowekwa.

Nilimchagua yule wa karakana kwa sababu moja: alikuwa na haja. Zahanati yetu ilikuwa inatafuta fundi wa kuifungia umeme, na mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa ametangaza kwamba atatazama kazi za wote wawili kisha achague. Atakayepata zahanati amepata na shule, na nyumba za walimu, na jina. Atakayekosa arudi kwenye jembe. Fundi wangu alikuwa na mke, watoto watatu, na nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba alishaanza kumsalimia kwa kifupi. Haya yote nilikuwa nayajua kabla hajakaa. Ukijua haja ya mtu, nusu ya bei imeshashuka.

Alikuja na orodha kwenye karatasi ya daftari, mwandiko safi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete nione unavyotaka kunimaliza."

Nikachukua kalamu. Balbu saba nikazifanya tano. Tepu tatu nikazifanya moja. Skurubu aliandika pakiti, nikamwambia ahesabu matundu kwanza, akahesabu, nikampa idadi ya matundu na mbili za kupotea. Alicheka kidogo, na mimi nikacheka kidogo, kazi ikaenda vizuri mpaka mstari wa mwisho kabla ya ufundi. Aliandika: waya wa ethi, na nondo ya shaba.

"Huu waya unaenda kwenye taa gani?"

"Hauendi kwenye taa, mama. Unatoka kwenye friji na soketi, unaenda chini."

"Chini wapi?"

"Ardhini. Unafungwa kwenye nondo, nondo inazikwa."

"Shaba nzima inazikwa?"

"Inazikwa."

"Na ikishazikwa inafanya nini?"

"Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Siku mbaya. Umeme ukitoroka ukaingia kwenye bati la friji, unapita huko badala ya kupita kwa mtu. Fyuzi inakatika, basi."

"Fundi," nikamwambia, "mimi nina wifi hapa ndani anayekaa anasubiri siku mbaya, na yeye namlisha. Sina nafasi ya wa pili." Nikaufuta mstari.

Hakucheka hapo. Alitoa testa yake, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akaniambia friji kama hizi kuukuu huwa zinavuja. Nikamwambia najua, inatekenya, ndiyo maana nilipunguziwa.

"Futa vyote mama, huo uache. Nipunguzie ufundi wangu, huo uache."

Hilo lilikuwa kosa lake. Mtu anayekuomba umpunguzie yeye amekuonyesha kwamba bado ana kitu cha kupunguza. Nikapunguza ufundi, na waya nikaufuta vilevile. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwema, kwamba tutauweka baadaye, msimu ukishakolea.

Akafanya kazi siku tatu. Sitasema uongo: ilikuwa kazi nzuri. Waya zilinyooka juu ya ukuta kama mistari ya daftari. Swichi kubwa aliiweka karibu na mlango wa ukumbi, akanionyesha: "Siku ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona mtu amenaswa, vuta hii chini kwanza, ukimbie baadaye." Nikaijaribu. Ilikuwa nyepesi.

Siku ya kuonja nilipanga mwenyewe. Asubuhi niliagiza ukumbi upigwe deki mpaka sakafu ing'ae, maana mwenyekiti wa zahanati alikuwa anakuja na nilitaka aone kwamba gesti yangu ni ya watu wa heshima. Nikatandika mabenchi mawili. Waliokaa walikuwa tisa. Nilihesabu, nikarudia, tisa: mwenyekiti, mwenye mashine, yule fundi redio, wifi yangu, mzee mmoja jirani asiyesikia vizuri, mlevi wetu wa kudumu, katekista, na mama wawili wauza senene, wale panzi wa kukaanga, waliopita wakaona benchi halijajaa.

Fundi alizionja swichi zote. Akavua viatu, akapita chumba kwa chumba, anashika, anatuangalia, anaachia. Makofi. Mwenyekiti akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeshawishika. Kisha fundi akafika kwenye friji, akasimama. Akavuta kibao kikavu cha sanduku, akakiweka sakafuni, akapanda juu yake.

Fundi redio akapiga mbinja. "Bwana mkubwa, hicho kibao nacho ni cha nini? Unatuhutubia?"

"Sakafu ina maji," fundi akasema.

"Na sisi tukija kuchukua soda tutakuja na mbao?"

Benchi likacheka. Mlevi akasema anaomba na yeye kibao, kwa sababu anapotoka nyumbani ardhi huwa inamsukuma. Wakacheka zaidi. Mwenye mashine akasema, "Fundi, shuka bwana, onja kama wenzako, niende nikaunge laini nina mahindi yanasubiri."

Fundi akanitazama mimi. Alikuwa ananiuliza kwa macho, na mimi nilielewa swali. Ningeweza kusema neno moja: friji bado haina waya wake, tuiache. Lakini mwenyekiti angeuliza kwa nini haina. Na mnunuzi wa kahawa wa kwanza alikuwa ameshalipia chumba.

"Shuka, fundi," nikasema. "Usitutie aibu."

Akashuka. Akanyoosha mkono, akaugeuza, akataka kugusa kwa mgongo wa vidole. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ndivyo mafundi wanavyogusa kitu wasichokiamini: umeme ukikupiga, mkono unajikunja kwako na kuachia. Wakati ule niliona mtu anayebania. Kama mtu anayekaribishwa akaleta pua badala ya mdomo.

"Kwa kiganja," nikasema. "Pombe hainuswi."

Hilo neno walilipenda sana. Mama mmoja muuza senene alijipiga mapajani. Hata mwenyekiti alitabasamu. Na kwa sababu mwenyekiti alitabasamu, fundi akageuza mkono, akashika mpini wa friji kwa kiganja.

Alitoa sauti fupi, kisha akaanza kutetemeka bila sauti. Watu wakaangua kicheko. Kabla ya hapo mafundi wote wawili walikuwa na mazoea ya kujifanya wanapigwa, wanaruka, wanapindua macho, kisha wanaachia na kuomba makofi. Tulidhani ni hayo. Mlevi aliinuka kumwiga. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka swichi kubwa. Baadaye nilizipima, hatua mbili. Na sitaki mtu anisaidie kusema nilishikwa na hofu. Sikushikwa na hofu. Nilifikiri anapandisha bei.

Katekista ndiye aliyepiga kelele kwamba moshi unatoka. Hapo nikavuta swichi. Ilikuwa nyepesi, kama alivyosema.

Fundi akaanguka kwa kukaa, mgongo ukutani. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na mstari mweusi na mweupe, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kama vinashika kitu kidogo. Tulimmwagia maji. Nasema tulimmwagia maji, ili mjue tulikuwa watu wa aina gani na umeme. Akazuia kwa mkono wa kushoto, akasema, "Basi. Basi."

Mwenyekiti akanigeukia. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mama, kuna kitu fundi alikuomba kwa kazi hii, ukamnyima?"

Karatasi ya orodha ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Niliisikia inavyokwaruza kiunoni.

"Hakuna," nikasema. "Alichoomba nilimpa."

Fundi alinyanyua kichwa. Nilidhani atasema. Lakini mtu aliyeonja kazi yake mwenyewe ikamwangusha hana maneno mbele ya watu tisa. Ni kama mpika pombe aliyetapika. Fundi redio akajaza nafasi hiyo haraka: "Mimi nilisema toka mwanzo. Karakana wanafundisha kunyoosha waya, hawafundishi umeme." Mwenyekiti akaangalia mkono ule, akaangalia friji, akainuka. Walipompeleka fundi zahanati, ile isiyo na taa, walimpitisha mbele ya mwenyekiti ambaye alikuwa ameshaamua.

Nilimlipa fundi yote, na ufundi niliomkata nikamrudishia. Watu walinisifu. Wifi yangu alisema hajawahi kuniona nikilipa bila kupunguza. Alikuwa sahihi. Na sijawahi kununua kitu kwa bei nafuu kama kile nilichonunua siku ile, maana alichukua bahasha kwa mkono wa kushoto na hakusema neno.

Zahanati ikaenda kwa fundi redio. Shule nayo. Fundi wangu akarudisha funguo za nyumba ya kupanga, akahamia Mabira kwa ndugu za mkewe. Watoto wa shule walibaki wanacheza mchezo mpya wa kushika bomba la maji na kutetemeka.

Laini niliungiwa, maana kuonja kulikuwa kumefanyika, na friji yangu ikabaki inatekenya. Nikamwita fundi redio. Akaitazama kwa umbali, kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani, kisha akaleta kipande cha tairi la lori, akakilaza sakafuni mbele yake. "Tiba," akasema. "Asiyevaa ndala asinunue soda." Fyuzi zilipoanza kukatika akatoa waya mdogo wa ndani, akaweka waya mnene kama msumari. Hazikukatika tena. Nilimsifu, nikampunguzia, akaondoka. Sikujua kwamba kitu kinachotakiwa kukatika kisipokatika, kinatafuta pengine pa kupita.

Mvua za vuli zilipofika, umeme ulianza kutembea. Siku moja komeo la chumba namba mbili. Siku nyingine kamba ya kuanikia, iliyokuwa ya waya na imefungwa kwenye bati la paa: wifi aligusa kanga mbichi akapiga yowe, akakaa ndani siku mbili akisubiri siku mbaya ya pili. Balbu zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa. Mnunuzi mmoja wa kahawa aliegemea dirisha la chuma akizungumza na mimi, akaruka katikati ya sentensi, akaenda kulala gesti nyingine, na sentensi yenyewe ilikuwa ya kuniongezea wageni.

Mwenye mashine akaja mwenyewe, kofia mkononi. "Mama, nyumba yako inaninyonya. Mashine ikiwa inasaga nasikia inaguna, nikikata laini yako inapumua. Nakupa wiki mbili. Tafuta fundi wa kweli."

"Fundi wa kweli yuko wapi?"

"Si ulikuwa naye," akasema, akavaa kofia.

Nilipanda pikapu ya kwenda Mabira mpaka ilipogoma, nikamalizia kwa miguu. Siku hizo huko kote kulikuwa Karagwe, wilaya ya Kyerwa ilikuja kukatwa miaka mingi baadaye. Nilibeba kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Njiani niliukata mche katikati, nusu nikarudisha kwenye mkoba, nione kwanza hali ikoje.

Nilimkuta kwenye kibanja cha mtu, kibarua, anapogoa migomba. Kisu alikishika kwa mkono wa kushoto; wa kulia aliutumia kusukumia majani, kama koleo. Mkewe aliyekuwa anakusanya majani makavu alipiga goti: "Shikamoo mama." Yeye akasema, "Habari za Bugene." Shikamoo yangu kwake ilikuwa imekatwa, na sikuwa na fundi wa kuirudisha.

Nilimweleza ugonjwa wa nyumba. Alisikiliza kama daktari, akauliza maswali mawili tu, fyuzi ina waya gani na komeo linauma asubuhi au wakati wa mvua. Kisha akasema, "Inatengenezeka. Siku mbili."

"Sema bei."

"Bei ya pesa ni ile ya kwanza, kabla hujafuta. Na waya wa ethi ununue wewe, na nondo."

Nikakubali haraka mno, akatabasamu.

"Hiyo ni ya nyumba. Yangu mimi ni hii: wale waliokaa kwenye benchi, uende kwa kila mmoja umwambie ulifuta nini. Na kwamba nilikukataza."

"Wote?"

"Walikuwa tisa."

"Wewe ulihesabu?"

"Nilikuwa nimekaa chini, mama. Niliona miguu kumi na minane."

Nikakaa kwenye kisiki. Hapa palikuwa mahali pangu, bei naijua. "Nitamwambia mwenye mashine. Yeye ndiye anayeunga. Wengine watasikia kwake."

"Tisa."

"Mzee jirani hasikii, huyo nitamwambia nini? Nitapoteza sauti bure. Tuseme wanne."

"Mwambie kwa nguvu."

"Watano, na sukari hii kilo mbili, na mche mzima wa sabuni." Nikautoa nusu ya pili mkobani.

Mkewe aliitazama ile sabuni iliyokatwa, akatazama pembeni ili asicheke. Fundi hakucheka. "Mama, kwenye karatasi yako ulikuwa na kalamu. Hapa huna. Nataka jina langu, na silitaki vipande. Wakishajua, hata nikiwa hapa Mabira mtu ataniita nikamfungie taa moja. Sasa hivi mtu akinitaja wanatetemeka wakicheka."

Nikafanya kile ambacho hakijawahi kuniangusha sokoni: nikainuka, nikaaga, nikaondoka taratibu. Muuzaji huwa anakuita kabla hujafika hatua ya kumi. Nilihesabu kumi. Nilihesabu ishirini. Kwenye kona ya njia nikageuka kurekebisha kandambili isiyokuwa na tatizo. Alikuwa ameshahamia mgomba unaofuata.

Nilirudi Bugene na wiki moja mkononi. Nikaanza na wale wa rahisi. Mzee jirani nilimwambia kwa sauti ya kawaida. Akanijibu kwamba hata kwake panya wamezidi. Mlevi nilimwambia saa ambayo hakumbuki. Wifi nilimwambia, akasema alishajua, yeye ndiye aliyefua ile kanga na karatasi ndani yake. Katekista nilimwambia kwa siri, nikijua hao wanatunza. Wanne. Nikatuma salamu Mabira kwamba nimeshasema, aje.

Alikuja kwa baiskeli, begi la vifaa kifuani. Hakuuliza kitu, alianza kazi. Alifukua shimo nyuma ya nyumba, akazika nondo ya shaba na kuishindilia, akavuta waya wa ethi kwenye friji, kwenye soketi, kwenye madirisha ya chuma. Alitoa ule msumari wa fundi redio kwenye fyuzi, akaushika kwenye mwanga, akautia mfukoni kama mtu anavyohifadhi jino. Bisibisi aliishika kwa kushoto. Skurubu aliishikilia kwa kidole gumba cha kulia na vile vidole viwili vilivyobaki vimenyooka. Kazi aliyosema ni ya siku mbili ilimchukua siku nne.

Siku ya nne akaniuliza, bila kugeuka, "Umesema kwa wangapi?"

"Nimesema."

"Wangapi?"

"Wanne." Kisha nikaongeza, "Kwa kuanzia."

"Wepi?"

Nikawataja. Alitikisa kichwa kwa kila jina, na nilipofika kwa mlevi akatoa pumzi puani. Kisha akaingia chumbani kwangu. Nilisikia bisibisi ikifanya kazi, nikafurahi. Alipotoka alikuwa ameshika waya, umezungushwa vizuri, na swichi, na balbu yangu.

"Chukua, mama. Vyako vyote, hesabu. Vyumba vya wageni viko salama, friji iko salama, mtu yeyote ashike. Wageni hawajanikosea. Chumba chako nimekitoa. Ukifika tisa, niite, siku hiyohiyo nitakuja na sitadai nauli."

Alivionja vyumba vinne na friji mbele ya mwenye mashine, miguu mitupu, kwa kiganja kile kile kilichoungua. Hakuna aliyecheka. Laini ikaungwa. Niliposema nitamwita fundi redio arudishe waya wa chumba changu, mwenye mashine alinitazama kwa huruma ya kibiashara. "Arudishe. Lakini aje aonje." Fundi redio nilimwendea mara mbili. Mara zote alikuwa na safari.

Nikaendelea kuwasha koroboi chumbani kwangu, mwenye gesti ya umeme. Moshi uliandika dari. Wageni wakipita mlangoni walikuwa wanauliza kama hapo ni stoo.

Basi nikalipa kidogokidogo. Mwenye mashine nilimwambia. Akasema alishahisi, hesabu za waya wangu hazikuwa zinakaa. Mama wauza senene niliwaambia siku moja wote wawili, wakaacha kuniuzia kwa msimu mzima. Fundi redio nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, akasema haoni tofauti. Nane. Nikahesabu mara ya pili: nane.

Wa tisa alikuwa mwenyekiti. Nilijiandaa nikaenda kwake, nimevaa kitenge kizuri. Nilimkuta kwenye zahanati, amesimama chini ya balbu inayowaka na kuzimika. Kabla sijafungua mdomo akanipokea kwa mikono miwili. Alisema kuna wageni wa mradi wa chanjo wanakuja, wa mwezi mzima, na yeye amependekeza walale kwangu tu, kwa sababu amesikia nyumba yangu sasa ndiyo yenye umeme salama kuliko zote Bugene.

"Ulimpata fundi gani?" akauliza.

Vyumba vinne, siku thelathini. Nilipiga hesabu, nikairudia, ikaja ileile.

"Wa mbali," nikasema.

Wageni wakaja, wakalipa, wakasifu soda. Watu waliokuwa wakitoka Mabira na ndizi zao walinipitishia salamu za fundi, na salamu zenyewe zilikuwa swali moja: amefika wangapi? Nilijibu nane, bado mmoja. Waliuliza mwaka huo, wakauliza na uliofuata. Kisha wakawa wanapita, wananisalimia, wanaongea habari za mvua na bei ya kahawa, wanaaga bila lile swali. Nilimzuia mmoja mlangoni, nikamuuliza kama hakutumwa kitu.

"Na nani?" akasema.